Gari la kimichezo lililo chini na msimu wa theluji: cha kuogopa ni kipi hasa?

Swali: "Miezi michache iliyopita nilinunua gari la kimichezo la viti viwili. Injini iko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Limekaa chini sana: nilipima uvungu wake kwa rula nikapata sentimita 12 kutoka barabarani hadi kwenye plastiki ya chini. Matairi ni yale mapana ya kiangazi ambayo lilikuja nayo. Juzi asubuhi, joto likiwa nyuzi 3 na barabara ikiwa kavu kabisa, nilikuwa natoka polepole kwenye mzunguko, mkia ukaponyoka ghafla. Theluji inatarajiwa karibuni. Mwenzangu kazini anasema gari la chini halishiki kwenye theluji, hivyo niliegeshe hadi msimu uishe. Mwingine ananishauri niweke mifuko ya mchanga kwenye buti na nipunguze upepo wa matairi. Sina gari jingine. Nifanye nini?"

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Gari limekutisha kabla hata theluji haijaanguka, na sasa unajiuliza itakuwaje ikianguka. Hata hivyo, ndani ya swali lako yamo mambo mawili tofauti, na wote waliokushauri wameyachanganya. La kwanza ni mshiko, yaani kama gari litatii usukani, litapita kona salama na litasimama unapotaka lisimame. La pili ni kupita, yaani kama tumbo la gari litavuka theluji bila kukwama. Ubaya wa kuwa chini unahusu jambo la pili tu. Mkia ulioponyoka asubuhi ile ni jambo la kwanza, na chanzo chake ni raba ya matairi yako.

Lami, hata ile inayoonekana laini kwa macho, imejaa vijiwe na vishimo vidogo sana. Tairi linaposhika barabara, raba yake hujibonyeza na kuingia katika vishimo hivyo, ikang'ang'ania kwa muda mfupi kisha ikaachia na kushika tena mbele kidogo. Ili iweze kufanya hivyo ni lazima iwe laini na yenye kunyumbuka. Raba ya tairi la kiangazi la gari la kimichezo huchanganywa ili ibaki imara hata lami inapokuwa na joto kali na tairi lenyewe likiwa limechemka kwa mwendo wa kasi. Sifa hiyo ina hasara yake: joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, raba hiyo huanza kukakamaa kama nta iliyopoa, na ikishakakamaa huteleza juu ya vishimo badala ya kuvishika. Nyuzi 3 zilitosha kabisa kukuponza kwenye lami kavu, hasa katika dakika za mwanzo wa safari ambapo matairi bado ni baridi. Kuna watengenezaji wanaoonya kwamba matairi ya aina hii yasiendeshwe wala hata kusogezwa joto likishuka hadi nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi, kwa sababu raba inaweza kupasuka. Kama gari limelala nje usiku wa baridi ya namna hiyo, washa tochi uchunguze mashina ya kashata za tairi, yaani vile vipande vya raba vilivyoinuka vinavyogusa barabara, kabla ya kuondoka. Ukiona mistari ya nyufa pale, tairi hilo limekwisha hata kama kina cha mifereji yake bado ni kama cha tairi jipya.

Sasa kuhusu kauli kwamba gari la chini halishiki. Kwa upande wa mshiko ukweli uko kinyume. Kitovu cha uzito kikiwa chini, gari halilali sana kwenye kona na uzito hauhami kwa wingi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hivyo magurudumu manne hugawana kazi kwa usawa zaidi kuliko katika gari refu. Yanayoliponza gari la kimichezo ni mambo mengine yanayoambatana nalo. Lina nguvu nyingi zinazofika kwenye magurudumu ya nyuma kwa mguso mdogo tu wa pedali ya mafuta. Mara nyingi lina difu ya kubana, yaani gia ya ekseli inayoyabana magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ambayo kwenye barafu inaweza kuzungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, na yote mawili yakizunguka bure hakuna tena kinachouzuia mkia kwenda pembeni. Kisha kuna upana wa matairi. Kwenye lami kavu upana ni faida, lakini kwenye theluji mbichi tairi pana husukuma theluji nyingi mbele yake na kutawanya uzito wa gari kwenye eneo kubwa, likaelea juu badala ya kukata hadi chini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya mchanga na kabla ya jambo jingine lolote, ni matairi manne ya msimu wa baridi. Raba yake hubaki laini kwenye baridi, na kila kashata imechanjwa mikato mingi myembamba ambayo hufunguka tairi linapokanyaga, ikapata kingo nyingi za kung'ata. Mifereji yake hujaa theluji, na wapo madereva wanaoona hiyo ni dosari. Kumbe theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na raba, na tairi limebuniwa kwa makusudi liibebe. Unaponunua, tafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo hupewa tairi lililofanyiwa jaribio la theluji na kufaulu. Herufi M+S (matope na theluji) zikiwa peke yake zinaeleza muundo wa kashata tu, kwa tamko la mtengenezaji mwenyewe, wala si uthibitisho wa jaribio.

Nasisitiza manne kwa sababu kishawishi cha kununua mawili ni kikubwa. Ukiweka mawili nyuma tu kwa kuwa ndiko nguvu ziliko, gari litaondoka vizuri, kisha kwenye kona ya kwanza litanyooka moja kwa moja kwa sababu magurudumu ya mbele hayana mshiko wa kuligeuza. Ukiweka mbele tu, pua itashika na mkia utazunguka unapofunga breki. Hali zote mbili ni mbaya kuliko kuwa na matairi manne dhaifu kwa kiwango kimoja, kwa sababu gari lenye mshiko usiolingana humdanganya dereva hadi sekunde ya mwisho.

Matairi ya misimu yote yenye alama ile ya mlima ni njia ya katikati, na pale theluji inapoanguka kwa nadra na kuyeyuka haraka yanaweza kukutosha. Kwa gari lenye nguvu linalosukuma kwa nyuma, linaloendeshwa kila asubuhi katika msimu wenye theluji ya kweli, mimi ningechagua ya baridi kamili na nisingesita.

Kuhusu saizi, fungua kitabu cha gari au angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango, na ufuate yaliyoandikwa humo. Mara nyingi mtengenezaji huruhusu ringi iliyo ndogo kwa inchi moja, yenye tairi jembamba zaidi na ubavu mrefu zaidi. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Tairi jembamba hukata theluji, na ubavu mrefu huilinda ringi dhidi ya mashimo yaliyofichwa na maji ya barafu. Mpaka wake ni breki zako, kwa kuwa magari ya kimichezo huwa na diski na kalipa kubwa na ringi ndogo huenda isizivuke. Lijaribishwe gurudumu moja kwanza kabla hujalipia seti nzima. Kipenyo cha nje cha gurudumu lote kibaki kile kile, maana ndicho ambacho kipima mwendo na mfumo wa kudhibiti kuteleza hukitegemea. Kina cha mifereji nacho kina uzito wake: sheria za nchi nyingi huruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwenye theluji tairi lililoshuka chini ya milimita 4 limeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake.

Matairi mazuri hayaifuti hesabu ya kusimama, na hesabu hiyo ningependa uikariri. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu yenye msuguano mzuri, gari husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki ziliposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambako msuguano unaweza kushuka hadi robo ya ule wa lami kavu, zinahitajika mita 49 hivi. Kwenye barafu tupu zinakaribia 100. Hapo bado hujaongeza muda wa kushtuka, na sekunde moja tu ya kushtuka kwa mwendo huo ni mita 14 nyingine. Wengine watakuambia kosa lako ni kutonunua gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Gari hilo lingekusaidia kuondoka na kupanda mlima, lakini kila gari tayari hufunga breki kwa magurudumu manne, na mwenye kusukuma kwa manne juu ya matairi ya kiangazi atakupita kwa kasi akielekea kwenye kona asiyoweza kuipita.

Tuje sasa kwenye zile sentimita 12. Theluji mbichi na laini ya sentimita 4 au 5 haitakusumbua. Ikizidi hapo, bampa la mbele huanza kuisukuma na mwendo huwa mzito. Ikikaribia kimo cha uvungu wenyewe, theluji hujipakia chini ya sakafu, ikashindiliwa na uzito wa gari, na gari likapanda juu yake. Magurudumu bado yanagusa chini lakini hayajabeba uzito tena, na hapo hakuna tairi duniani litakalokutoa. Dalili ya kwanza utaisikia kabla ya kuiona: mkwaruzo laini unaoendelea chini ya miguu yako, kisha usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida. Usijaribu kukaza mwendo ili uvuke. Simama, rudi nyuma kwenye njia uliyokwisha kuifungua, utafute njia nyingine. Kipimo changu kwa gari kama lako ni nusu ya uvungu: theluji mbichi ikizidi sentimita 6 na barabara haijasafishwa, siku hiyo gari libaki limeegeshwa.

Hatari nyingine mbili hukaa kimya kwenye barabara iliyosafishwa. Ya kwanza ni tuta ambalo greda la theluji huliacha kwenye mlango wa maegesho. Likiachwa jioni huwa laini, lakini likilala usiku mmoja hugeuka jiwe. Gari refu hulivuka, ila lako hulipiga kwa bampa, na nyuma ya bampa zimo rejeta, kondensa ya kiyoyozi na mabomba ambayo hayakuumbwa kustahimili pigo la barafu. Chukua koleo ulilime, hata ukichelewa. Ya pili ni njia zilizochimbwa na magari mengine: magurudumu yakizama kwenye mifereji miwili, ukingo wa katikati huja juu moja kwa moja kwenye tumbo lako, na vipimo vyote vya kina cha theluji havina maana tena. Kama mwenye gari wa kwanza alilishusha zaidi kwa springi fupi, rudisha za kiwandani msimu huu. Kama lina kitufe cha kuinua pua, kitumie kuvukia tuta tu, kwa sababu mara nyingi mfumo huo hushuka wenyewe mwendo ukiongezeka.

Mchanga kwenye buti si ujinga, ila faida yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Kwa gari lenye injini mbele, uzito wa ziada juu ya ekseli ya nyuma huongeza mshiko wa kuondokea. Hapo hapo umeongeza uzito wa kusimamisha, na ukiuweka nyuma kabisa ya ekseli unaupa mkia nguvu ya kuzunguka ukishaanza kuteleza. Mfuko usiofungwa nao hugeuka kombora katika ajali. Ukitaka kuweka, uweke karibu na ekseli iwezekanavyo, uufunge imara, na usivuke uzito ulioruhusiwa. Kazi ambayo mchanga huifanya vizuri zaidi ni kumwagwa mbele ya magurudumu yaliyokwama.

Kupunguza upepo, hapana. Baridi yenyewe imekwisha kuupunguza: tairi lililojazwa bar 2.4 kwenye nyuzi 20 litasoma takriban bar 2.05 joto likiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, bila kuvuja hata kidogo. Tairi lenye upepo pungufu huchezacheza kwenye kona na ringi hubaki bila kinga. Pima asubuhi kabla hujaendesha, ujaze hadi kiwango cha kitabu, na urudie kila baridi inapozidi.

Ukiwa na matairi sahihi, kinachobaki ni mguu na mikono yako. Ondoka kwa gia ya pili kama gari ni la kukanyaga klachi, au tumia hali ya theluji kama ni la otomatiki, kwani hupunguza ukali wa pedali ya mafuta. Funga breki ukiwa umenyooka, malizia kupunguza mwendo kabla ya kona, na uipite kona bila kuongeza wala kuachia ghafla. Jambo moja ni la pekee kwa magari yanayosukuma kwa nyuma, na wengi hawalijui: kushusha gia kwa haraka kwenye barafu ni sawa na kuvuta hendibreki, kwa sababu injini hupunguza mwendo wa magurudumu ya nyuma pekee. Mkia ukiponyoka, achia mafuta taratibu, kanyaga klachi kama ipo, tazama unakotaka kwenda na uelekeze usukani huko huko, kisha uwe tayari kuunyoosha mara tu magurudumu yatakaposhika. Ukifunga breki kwa nguvu na pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma mguuni, huo ni mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge, ukifanya kazi. Endelea kukanyaga na uendelee kuongoza, usiachie. Mfumo wa kudhibiti kuteleza nao uuache ukiwa umewashwa. Unaweza kuuzima kwa dakika chache tu unapojinasua, kwa sababu wakati mwingine hukata nguvu kiasi cha gari kushindwa kujitoa.

Usiyaamini macho yako joto linapokaribia sifuri. Barafu yenye utando wa maji juu yake, kwenye nyuzi 0, huteleza kuliko barafu kavu ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Madaraja huganda kabla ya barabara nyingine kwa kuwa hewa baridi hupita juu na chini yake. Na kipimajoto cha gari lako hupima hewa, hakipimi lami, kwa hiyo nyuzi 3 kwenye dashibodi zinaweza kuwa barafu chini ya magurudumu.

Kuna hitilafu moja inayowatia watu hofu bure. Umetoka kwenye theluji nzito, umeingia barabara kuu, na ukifika mwendo wa kilomita 80 usukani unaanza kutikisika kana kwamba gurudumu linataka kutoka. Mara nyingi si ubovu. Ringi pana za kimichezo hukusanya theluji upande wa ndani, ikaganda sehemu moja na kuliharibia gurudumu mizani yake. Simama mahali salama, piga magoti, ingiza mkono wenye glavu kati ya spoku ubomoe ile theluji, kisha uendelee. Mtikisiko ukibaki baada ya hapo, ndipo umwone fundi.

Milango ambayo vioo vyake havina fremu, kama ilivyo kwa magari mengi ya kimichezo, huteremsha kioo kidogo kila unapoifungua. Kioo kikiganda kwenye mpira, ukivuta kwa nguvu utang'oa mpira au kuvunja mashine ya kioo, kwa hiyo paka mipira silikoni mapema na siku ya barafu uyeyushe kwanza. Ukikwama huku injini inanguruma, hakikisha bomba la moshi liko wazi. Bomba la gari la chini huzibwa na theluji upesi, na hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Usipoweza kulifukua, zima injini. Usiishindilie injini mafuta hadi oili ipate joto, si maji peke yake. Chumvi ya barabarani ioshwe kwa maji hadi uvunguni kila upatapo nafasi.

Ushauri wa kuliegesha msimu mzima si mbaya kwa mwenye gari la pili, lakini kwako naona si wa lazima, ilimradi ukubali kwamba zitakuwapo siku chache usizotoka. Ukiishi mahali ambapo theluji ya kina cha magoti ni kawaida na barabara yako haisafishwi, basi mwenzako yuko sahihi, ingawa si kwa sababu aliyoitoa.

Usiyamalize yote kwa kusoma jibu hili. Gari likigonga barafu kwa chini hata mara moja, lipandishwe juu gereji siku hiyo hiyo: plastiki ya uvungu huficha uvujaji wa oili na wa maji ya rejeta hadi injini ichemke. Taa ya mfumo wa kuteleza ikiwaka na isizime, gari lipimwe kabla ya safari nyingine. Fundi ahakikishe pia kwamba mchanganyiko wa maji ya rejeta unafaa kwa baridi ya kwenu, na apime betri, kwa sababu baridi kali hunyang'anya betri sehemu kubwa ya nguvu zake. Na kama kuna uwanja wa mafunzo ya kuteleza unaoufikia, nenda na gari hili hili ukiwa na mkufunzi pembeni. Kuujua mwanzo wa kuponyoka kwa mkia kwa mgongo na kiuno chako ni jambo ambalo maandishi hayawezi kukupa.

Theluji haijafika, kwa hiyo weka miadi ya matairi wiki hii. Siku ya kulipeleka gari gereji, lipeleke mchana lami ikiwa imepata joto kidogo, uache nafasi ndefu mbele yako, na kwenye ule mzunguko usiguse mafuta hadi usukani uwe umenyooka.